Tumbo la Ukuta wa Mashariki

Hatamori, mwaka wa kumi na mbili wa Meiji

26 Mei

Mayai ya Tose yameanguliwa. Viwavi wa hariri ni wembamba kama nyuzi nyeusi, naye amewafagia kwa unyoya hadi kwenye ungo wa kwanza. Kuanzia leo mpaka watakapofuma vifukofuko vyao, nyumba hii ni yao na sisi ni wapangaji. Haturuhusiwi kuvuta tumbaku, wala kugombana kwa sauti, wala kuchoma ubani ndani, maana moshi unawaua. Tose ni mke wa mwanangu Kansuke, aliyekufa vitani kusini mwaka juzi. Ubani wa Kansuke nauchomea nje, karibu na kisima.

Tunakaa katika kipande cha bweni la zamani la walinzi, chini kabisa ya ukuta wa mashariki. Juu yetu ni ngome, au kilichobaki cha ngome. Ule mnara wa ghorofa tatu, ambao enzi za Edo, kabla ya serikali mpya, hatukuthubutu hata kuuita mnara mkuu kwa kuogopa kuonekana tunajikweza, uliuzwa kwa mfanyabiashara aliyetaka misumari yake. Milango imekwenda, vigae vimekwenda. Mawe yamebaki kwa sababu hakuna aliyejua pa kuyapeleka.

29 Mei

Murobuse Heigo amekuja. Alikuwa mkuu wa lango kubwa, na sasa ni mwenyekiti wa chama cha watumishi wa zamani. Bado anafunga nywele utosini, na bega lake la kushoto bado limeshuka kwa uzito wa panga ambazo sheria ilimvua miaka mitatu iliyopita. Sijawahi kumpenda. Ameleta habari kwamba Bwana, mtawala wetu wa zamani, atakuja kututembelea mwezi ujao, kwa mara ya kwanza tangu serikali mpya ilipowahamishia mabwana wote Tokyo.

"Umeutazama ukuta siku hizi?" aliniuliza.

"Nalala chini yake."

"Umeota nyasi kama kichwa cha mtu aliye msibani, asiyenyoa. Bwana atapita hapa, aone nini? Mapengo na magugu? Chama kimeamua. Tutang'oa nyasi, na mapengo tutayaziba kwa lipu, kuanzia pembe hadi pembe."

Nilimwuliza maji yatatokea wapi.

"Maji gani? Lile ni jiwe."

"Nyuma ya jiwe kuna kokoto, nyuma ya kokoto kuna kilima. Mvua ikinyesha kilima kinakunywa, kokoto zinayachukua maji, na mapengo yanayatoa. Waliojenga hawakusahau kuweka chokaa, Murobuse. Waliacha kwa makusudi."

Alicheka kwa pua. "Miaka hamsini uko hapa, Oginuma, na bado unaongea kama mgeni anayeulizia njia. Ngome yenu ilikuwa kando ya ziwa, sivyo? Labda ni kuta za huko ndizo zinazokojoa."

Tose alitoka na kumwambia kwamba waheshimiwa, yaani viwavi, wanasumbuka na sauti yake. Akaondoka akinyata kama mwizi, mtu mzima yule.

30 Mei

Ni kweli mimi si wa hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili bwana wetu wa kule ziwani alipopokonywa himaya yake, na sisi watumishi tukatawanyika. Baba na mimi tulikuja Hatamori kwa miguu kwa sababu walitaka watu wanaojua kuchora kuta. Siku hizo hata ukuta ukivimba kidogo hukuweza kuugusa bila ruhusa ya serikali kuu kule Edo. Ulichora ngome nzima, ukaweka wino mwekundu mahali penye kasoro, kutoka hapa hadi hapa, ukatuma, ukasubiri. Michoro hiyo niliichora mpaka nywele zikawa nyeupe. Naijua ngome hii kwa kasoro zake kuliko wenyeji wanavyoijua kwa sherehe zake.

Ya kwetu kando ya ziwa ilivunjwa muda mrefu. Asubuhi mwanga wa maji ulikuwa ukicheza juu ya mawe. Hilo nalikumbuka vizuri. Nyuso za watu wake zimeanza kunipotea.

3 Juni

Fundi Kamekichi ameanza kazi ya lipu. Amening'inia kwa kamba usawa wa paa letu, anaimba.

"Mzee, ukuta huu una mapengo kuliko mdomo wa mama mkwe wangu."

"Yaache basi."

"Mama mkwe pia nilimwacha. Lakini huyu kalipiwa."

Anachanganya chokaa na udongo na yale maji machungu yanayobaki ukitengeneza chumvi. Ikikauka, ni ngumu kama jiwe. Kazi yake ni nzuri, na ubaya wenyewe ndio huo.

4 Juni

Mawingu. Hakuna jipya.

8 Juni

Lipu imekwisha. Ukuta una mishipa myeupe kila mahali, kama mkono wa mzee. Watu wanakuja kuutazama na kusifu. Tose naye alisimama mlangoni muda mrefu.

"Inapendeza, baba. Hata nyumba imepata mwanga."

Nilimwacha autazame. Amekuwa na mwanga mdogo sana tangu mwaka juzi.

11 Juni

Mvua za plamu, zile za majira matunda hayo yanapoiva, zimeanza, usiku kucha na mchana kutwa. Miaka yote, siku kama hii, ukuta ulitoa machozi kila pengo, na mfereji chini yake ulikuwa ukiimba. Leo mfereji uko kimya. Niliweka kiganja kwenye mawe. Nje yamelowa, lakini katikati ya mapengo ni pakavu.

Sijawahi kuuona ukuta huu ukiyazuia maji yake.

12 Juni

Mvua.

13 Juni

Mvua. Viwavi wamelala usingizi wa tatu wa kubadilisha ngozi, vichwa juu, kama watu wanaosali.

15 Juni

Nimepanda juu ya ukuta na kushusha timazi. Ukuta mzuri wa mawe hausimami wima. Unaanza kwa mteremko chini na kujikunja kidogo kidogo kadiri unavyopanda, kama upepeo uliofunguliwa nusu, na uzi wa timazi, ukiuning'iniza mbele yake kwa ufito, unapaswa kukaribiana na jiwe taratibu kadiri unavyoshuka. Usawa wa paa letu jiwe limeukaribia uzi mapema mno. Ukuta umeota tumbo.

Mabinti wanaochuma majani ya mforosadi, chakula cha viwavi, kule juu walinicheka. "Babu anavua samaki kwenye mawe."

16 Juni

Nimemwambia Tose tuhame.

"Twende wapi, baba?"

"Hekaluni. Kasisi atatupa ukumbi wa nyuma."

"Hekaluni ubani haukatiki. Watakufa wote kabla ya jioni."

"Basi tuende sisi, wao wabaki."

Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kutoka kwa mtoto. Alisema kwa upole kwamba tangu Kansuke afariki hajawahi kufanya jambo likafika mwisho wake. Hawa atawafikisha. Wakishapanda kwenye majani makavu na kufuma, hata nikimwambia alale barabarani atalala.

"Ni siku ngapi?"

"Nusu mwezi hivi."

"Ukuta haujui kuhesabu, Tose."

"Na viwavi pia hawajui, baba."

18 Juni

Nimekwenda kwa Murobuse. Nimepiga goti, na kwa umri wangu kupiga goti si kazi ndogo. Ana chumba kikubwa cha wageni, chenye mikeka mipya na joto la kutosha. Nilimwomba kiwe cha viwavi hadi wafume.

"Chumba kile ni cha Bwana," alisema. "Atalala pale."

"Na baada ya hapo?"

"Oginuma, nikikupa chumba, kesho mji mzima utasema Murobuse mwenyewe anaamini ukuta utaanguka. Ukuta umesimama zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Matetemeko umeyaona. Wewe unakuja na uzi wenye kijiwe."

Mkewe alinisindikiza hadi mlangoni. Alinong'ona kwamba mikeka ile imebadilishwa mara mbili mwezi huu, na kwamba mume wake analala jikoni asije akaichafua.

20 Juni

Bwana amekuja.

Tulisimama kwenye manyunyu mahali lango kubwa lilipokuwa, wazee tu, wengine na makoti ya babu zao yenye nembo. Riksho mbili zilikuja, zikikokotwa na watu. Bwana ni mtu mwembamba wa makamo, amevaa kofia ya Kizungu. Alizaliwa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, akalelewa huko, kama watoto wote wa mabwana. Hatamori aliishi miaka michache tu, na nakumbuka kwamba muda wote alikuwa na mafua.

Alitembea chini ya ukuta wa mashariki na Murobuse kando yake, nusu hatua nyuma. Alisema, "Mmepatunza." Aliuliza kama bado tuna zile plamu za chumvi. Kisha akasema njia ni mbaya na afadhali alale kwenye nyumba ya wageni ya mkoa, mjini, kuna kitanda. Akapanda riksho.

Hakukaa hata muda wa kunywa chai ya pili.

Watu walipotawanyika Murobuse alibaki peke yake na mwavuli uliofungwa mkononi, mvua ikimpiga.

"Aliutazama, sivyo?" aliniuliza. "Ukuta. Ulimwona akiutazama."

"Mwavuli wake ulikuwa chini," nilisema. "Sidhani kama aliona zaidi ya mawe mawili ya chini."

Nilisema kweli tupu. Alitikisa kichwa polepole, akaenda.

21 Juni

Mvua.

22 Juni

Mvua. Viwavi wako katika usingizi wa mwisho. Tose hataki hata tutembee.

24 Juni

Kijiwe cha kujazia kimeruka kutoka ukutani na kofia yake ya lipu, kikaangukia uani. Nilimwonyesha Tose. Alikiweka juu ya pipa la kachumbari kama uzito.

26 Juni

Viwavi wameamka, wanakula. Sauti ya taya zao ni sauti ya mvua juu ya nyasi. Nikiamka sijui ni ipi inayonyesha, ya nje au ya ndani.

28 Juni

Murobuse alikuja asubuhi bila kuitwa. Alisimama uani, akautazama ukuta, kisha akatoa uzi mfukoni. Alikuwa ametengeneza timazi yake mwenyewe, kwa kile kisahani cha shaba kinachokinga mkono kwenye upanga. Alipanda juu peke yake. Alishuka baada ya muda mrefu, magoti yamejaa tope.

Hakunitazama mimi. Alimwambia Tose, "Mama, chumba changu kiko tupu. Leteni wadudu wenu."

"Waheshimiwa," Tose alimsahihisha.

"Waheshimiwa. Kile chumba kilitengenezwa kwa ajili ya mheshimiwa." Alikaa kwenye kizingiti. "Oginuma, ukuta ukizibuliwa sasa, utapona?"

"Sijui. Labda, tukianzia chini, mbali na nyumba, tundu moja moja."

"Kesho Kamekichi atakuja na tindo. Na mimi nitabeba nyungo. Usiniambie mimi ni mzee, wewe ni mzee zaidi."

Tose amekubali. Watahama kesho mvua ikipumzika. Amepika wali mweupe usiku huu, bila kuchanganya shayiri, na kumpelekea Murobuse bakuli.

29 Juni

Naandika kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Asubuhi mvua ilikatika. Kamekichi alikuja na tindo na nyundo, akaanza upande wa kaskazini. "Nilikupaka wanja, sasa nakufuta," aliuambia ukuta. "Wanawake hamridhiki." Murobuse alikunja suruali hadi magotini. Mkewe alikuwa nyumbani kwao akipokea. Njia ni fupi, lakini inateleza.

Tose alimfundisha kubeba. Ungo uwe sawa kama maji kwenye bakuli, ukiuinamisha wanarundikana na kuumizana.

"Taratibu, mzee, hiyo si ngao."

"Ngao ilikuwa nyepesi," alisema Murobuse. "Na haikuninyea mikononi."

Tose alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka hufunika mdomo kwa nyuma ya kiganja. Walikwenda na kurudi, yeye mbele na Murobuse nyuma, nyungo zimefunikwa karatasi ya mafuta. Mimi nilibaki kwa Kamekichi.

Tundu la kwanza halikutoa kitu. La pili lilitoa maji kwa nguvu, yakampiga Kamekichi kifuani. Alishangilia. Nilikinga maji kwa mkono. Yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na kiganjani yaliniachia mchanga. Yangekuwa meupe, ningefurahi naye. Maji ya rangi ile yanabomoa kilima kwa ndani na kukileta nje.

Nilimwambia Kamekichi aache, akimbie. Nilikwenda nyumbani mbio, kama naweza kuziita mbio.

Ukuta haukupiga kishindo mwanzoni. Ilikuwa sauti ya mtu anayesaga meno usingizini. Vipande vya lipu vilianza kuruka, vidogo, vyeupe. Tose alikuwa tayari uani na ungo mikononi. Nilimshika mkono, nikamvuta. Murobuse alikuwa ndani na ungo wa mwisho.

"Toka," nilimwita. "Uache, toka."

Alitokea mlangoni. Ungo ulikuwa mrefu kuliko upana wa mlango. Mtu mwingine angeutupa. Yeye aligeuka ubavu, akautanguliza upande mmoja, taratibu, akiuweka sawa vile alivyofundishwa, macho yake kwenye viwavi.

Tumbo la ukuta lilifunguka usawa wa paa. Mawe ya chini yalibaki kidogo, kama yanafikiri, kisha yakafuata yote.

Vumbi lilikuwa limelowa, halikupanda. Baada ya pale tulisikia maji tu, mfereji ukiimba.

Tulimtoa jioni. Tose alimfuta uso yeye mwenyewe.

1 Julai

Tumemzika. Kasisi alichoma ubani mwingi. Tose alisimama upande wa upepo, kisha akaenda kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kuwagusa viwavi. Mke wa Murobuse, bado ana nguo za msiba, alikuwa akiwakatia majani.

Wale waliofika kwenye kile chumba wako hai.

2 Julai

Mvua. Viwavi wamepanda kwenye majani makavu.

4 Julai

Wanafuma. Chumba cha Bwana kimejaa ukimya wa ajabu. Wajane wawili wamekaa bega kwa bega wakitazama, na mimi nyuma yao.

Nilikuwa nimemwona Murobuse kwa miaka mingi kama jogoo asiye na ua. Nilikosea kipimo. Alikuwa mtu aliyetaka kuonyesha heshima, na alichokijua ni kupaka chokaa. Alipojua kingine, alikifanya kwa mikono yake.

6 Julai

Habari zimekuja kwamba afisa wa ujenzi wa mkoa atakuja kuchunguza. Ardhi ya ngome ni ya jeshi sasa, na chama hakikuomba ruhusa ya mtu.

Tose alikuja kukaa karibu nami. "Baba, atakuuliza wewe. Kila mtu atamwambia akuulize wewe."

"Nitamweleza."

"Ukimwambia ni lipu, ataandika jina la Murobuse. Mkewe ataishi vipi kwenye mtaa huu? Atapita vipi mbele ya kaburi? Mwambie ni mvua."

"Tose, maisha yangu yote nimechora ufa mahali ulipo."

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa chini yake, baba. Mwambie ni mvua."

8 Julai

Siku mbili hizi, Kamekichi, Tose, mke wa Murobuse na mimi tumekuwa kwenye kifusi na tindo, tunabandua lipu kwenye mawe yaliyoanguka, afisa asije akaiona. Pande zilizosimama Kamekichi amezisafisha kwa kamba, bila kuimba. Vipande vyeupe tumevitupa kwenye handaki la maji. Mgongo wangu umekataa kunyooka.

Nyuma ya mawe nimeona, kwa mara ya kwanza, kazi ya ndani. Kila jiwe lina mkia mrefu ulioingia kwenye kilima, na kokoto zimechaguliwa kwa ukubwa, zimepangwa kwa mkono mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Nilikaa chini nikatazama mpaka Tose akaja kuniinua.

11 Julai

Mvua zimekwisha. Jua kali, mji wote unatoa mvuke.

Afisa amekuja, kijana wa Tokyo mwenye viatu vya ngozi, mwenye adabu. Alipima, akachungulia kwenye kidonda cha ukuta, akaja kukaa kwenye baraza la Murobuse. Tose alimletea chai. Mke wa Murobuse alikaa nyuma ya mlango wa karatasi. Nilikiona kivuli chake.

"Mzee, naambiwa hakuna anayezijua kuta hizi kama wewe. Nini kilitokea?"

"Mvua," nilisema. "Mwaka huu ilikuwa nyingi."

"Mvua peke yake? Kuta nyingine zimesimama."

"Mvua."

Alifikiri, akapuliza chai yake. "Nimeona hakuna chokaa hata kidogo kati ya mawe. Wamepanga tu, moja juu ya jingine, na mapengo wameyaacha wazi. Kusema kweli nashangaa umesimama muda wote huo." Alitabasamu, akinionea huruma kwa umri wangu. "Waliojenga hawakujua kazi yao, sivyo?"

Kivuli nyuma ya mlango hakikutikisika. Tose alikuwa ameshika birika.

"Huenda," nilisema.

Tose aliinama, akamjazia chai.